Kuchuja Kwanza, Kusikiliza Baadaye: Njia ya Ushauri Nasaha katika Shule za Katanga

Mtoto wa Kamina, mji wa Katanga, akimaliza mwaka wa nane wa elimu ya msingi anangojewa na TENASOSP, mtihani wa taifa wa kuchagua na kuelekeza wanafunzi. Baada ya hapo ndipo mlango unapogawanyika: ualimu, sayansi, biashara, ufundi. Karatasi za mtihani husafirishwa, husimamiwa na kusahihishwa kwa utaratibu unaoeleweka. Anayekosekana ni mtu wa kukaa na mtoto huyo nusu saa, amuulize anapenda nini, nyumbani kukoje, na kwa nini tangu Januari anasinzia darasani.

Pengo hilo lina historia yake. Katika Katanga shule ilijengwa na watu waliokuwa na haja ya kuchagua: nani awe katekista, nani karani, nani fundi wa reli, nani arudi shambani. Mageuzi yaliyokuja baadaye yalilitengeneza upya chekecheke. Kazi ya kumsikiliza mwanafunzi iliachiwa yeyote aliyekuwa karibu.

Kabla ya ubao na chaki

Waluba walikuwa na wataalamu wao wa malezi kabla padri wala pasta hajatia mguu nchini. Chama cha Mbudye kilikuwa na ngazi, na aliyepanda ngazi alifundishwa siri za ufalme kwa kutumia lukasa, ubao wa mkononi uliopangwa shanga na makombe. Mwalimu alipitisha kidole kutoka shanga moja hadi nyingine huku akitaja wafalme, njia, maziwa na miiko. Wasichana walikuwa na unyago wao, butanda, ambapo wanawake wazima walimwambia binti mambo ambayo mama mzazi hakuruhusiwa na heshima kuyasema.

Tusiipambe hali ile kupita kiasi. Malezi hayo yalimweleza kijana nafasi yake, naye hakuulizwa kama anaitaka. Lakini yalikuwa na vitu viwili ambavyo shule ya baadaye haikuwa navyo: mtu maalumu mwenye kazi hiyo, na wakati uliotengwa kwa ajili yake.

1906–1947: Mmisionari ni kila kitu

Tarehe 26 Mei 1906 Dola Huru ya Kongo ilitia sahihi mkataba na Vatikani. Misheni za Kikatoliki zikapewa ardhi, nazo zikaahidi kufungua shule. Utawala wa Ubelgiji ulioanza 1908 uliurithi mpango huo. Waprotestanti hawakuwa na upendeleo ule, lakini hawakukaa kando: Wamethodisti waliingia Katanga, na Mwingereza William Burton akaanzisha misheni yake kule Mwanza, katika nchi ya Waluba, mwaka 1915.

Reli ya BCK ilipounganisha Bukama na Port-Francqui mwaka 1928, Kamina ikawa mji wa njiani wenye karakana, makarani na kambi za wafanyakazi. Miaka hiyohiyo Union Minière, kampuni ya shaba, iliacha kutegemea vibarua wa miezi michache. Ikataka mfanyakazi akae na mke wake kambini, na watoto wao wasome hapohapo, mikononi mwa Wabenediktini wa Askofu de Hemptinne. Kampuni ilikuwa inajikuzia wafanyakazi wa kesho.

Mmisionari alijua jina la baba, la mama na la mjomba. Aliamua nani apelekwe seminari ndogo na nani arudishwe kijijini. Kijana mwenye shida alimwendea yeye, na huyohuyo ndiye aliyeweza kumfukuza. Sikio na fimbo vilikuwa vya mtu mmoja, na hapo ndipo ulipozaliwa ugonjwa mmoja wa shule zetu: mwanafunzi hawezi kueleza siri yake kwa anayemhukumu.

Mwaka 1945 padri Mfransisko Placide Tempels, aliyeishi kwa miaka mingi na Waluba wa Katanga, alichapisha kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kule Elisabethville, mji mkuu wa Katanga. Wasomi wa Kiafrika walikuja kukikosoa, na walikuwa na haki. Hata hivyo alisema jambo ambalo wakubwa wake hawakulipenda: Mzungu anayetaka kuelimisha watu hawa aanze kwa kuelewa wanavyofikiri. Kwamba kauli hiyo ilionekana kuwa uchochezi inatuonyesha shule za wakati ule zilikuwa zikisikiliza kiasi gani.

1948–1959: Kipande kinachokosekana

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilitoa mpango mpya wa elimu. Baada ya miaka miwili ya kwanza, watoto waligawanywa. Wengi waliingia njia ya kawaida, miaka mitatu zaidi, kisha basi: kusoma, kuandika, hesabu kidogo, kilimo. Wachache wakaingia njia ya waliochaguliwa, miaka minne, yenye mlango wa kwenda sekondari. Fikiri maana yake kwa mtoto wa miaka minane au tisa. Mlango wa sekondari ulifungwa au kufunguliwa kabla meno yake ya utotoni hayajaisha kung'oka, na mwamuzi alikuwa mwalimu wake pamoja na padri msimamizi. Hakuwepo wa kumkatia rufaa.

Nchi ilikuwa na haraka. Mwaka 1949 Wabelgiji walianza kujenga kambi kubwa ya jeshi la anga karibu na Kamina. Mwaka 1956 reli ya Kamina hadi Kabalo ilikamilika. Kote kulihitajika mafundi, wasaidizi wa ofisi, waendesha mitambo. Viwanda vikawageukia wanasaikolojia.

Union Minière ilikuwa na kituo chake cha saikolojia na ualimu mjini Elisabethville. Kutoka Chuo Kikuu Huria cha Brussels alikuja André Ombredane, Mfaransa, ambaye tangu mwisho wa miaka ya 1940 alizunguka Kongo na masanduku ya vipimo. Kimojawapo kilikuwa vitabu vya michoro vya Mwingereza Raven. Mtu anawekewa mbele ukurasa wenye pambo la rangi, mfano wa kipande cha kitenge, lililokatwa tundu. Chini yake kuna vipande sita vyenye umbo la tundu lile. Kimoja tu kinakamilisha pambo. Anaonyesha kwa kidole, ukurasa unafunuliwa, linakuja jingine gumu zaidi. Hakuna anayemwomba aseme neno.

Wakubwa wa viwanda walitaka namba: huyu anafaa, yule hafai. Ombredane na wenzake waliwapima Wasalampasu wa Kasai na mamia ya Waluba, nao wakafanya jambo la busara: waliwarudishia watu walewale kipimo kilekile. Matokeo yalipanda. Yule aliyeonekana mzito mara ya kwanza alionekana mwepesi zaidi kipimo kiliporudiwa, kwa kuwa sasa alishazoea mchezo wenyewe, karatasi yenyewe na mgeni mwenyewe. Kwa maneno mengine, sehemu ya kile kilichoitwa akili ilikuwa mazoea tu. Naona huo ndio ugunduzi muhimu kuliko wote wa saikolojia ya kikoloni katika nchi yetu, na ndio uliofuatwa kidogo kuliko wote. Viwanda viliendelea kupenda kipimo cha siku moja.

Kwingineko duniani, kazi ya kumwelekeza kijana ilikuwa na mizizi mingine. Frank Parsons alifungua ofisi ya kuwashauri vijana juu ya kazi mjini Boston mwaka 1908, miongoni mwa wahamiaji na maskini wa mji. Fikra yake ilikuwa nyepesi: kijana ajijue, azijue kazi zilizopo, kisha alinganishe mwenyewe. Neno zito ni hilo la mwisho. Katanga ilichukua vipimo ikaacha "mwenyewe".

Miaka ya mwisho ya ukoloni ilifungua madirisha kiasi. Chuo Kikuu cha Lovanium kilianza 1954, mwaka ambao waziri Auguste Buisseret alianza kufungua shule za serikali zisizo za kidini, na Elisabethville ikapata chuo kikuu chake mwaka 1956. Lakini madirisha hayo yalikuwa juu sana, na ngazi ilikuwa ileile ya 1948.

1960: Miezi mitatu

Tarehe 1 Aprili 1960 bunge la Ubelgiji lilipitisha sheria juu ya ofisi za kuelekeza wanafunzi na vituo vya saikolojia, tiba na ustawi wa jamii. Shule za Ubelgiji zikapata msingi wa kisheria wa timu ya watu: mwanasaikolojia, muuguzi, mfanyakazi wa ustawi. Miezi mitatu baadaye, 30 Juni, Kongo ilipata uhuru ikiwa na wahitimu wa chuo kikuu wanaohesabika kwa vidole. Hiyo sheria ya Aprili haikuvuka bahari.

Siku kumi na moja baada ya uhuru Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga. Waluba wa kaskazini, chini ya chama cha BALUBAKAT cha Jason Sendwe, walikataa. Vijana waliopaswa kuwa kwenye madawati walishika mikuki na minyororo ya baiskeli, vijiji vilichomwa. Umoja wa Mataifa ulichukua kambi ya Kamina. Vita ya kujitenga iliisha Januari 1963, nayo ikaacha kizazi cha watoto waliokwisha kuona mengi.

Katikati ya moshi huo, serikali kuu ya Léopoldville ilifanya mageuzi makubwa ya elimu. Kuanzia mwaka wa masomo wa 1961–1962 sekondari ilianza na miaka miwili ya pamoja iliyoitwa kipindi cha uelekezi. Ugawaji wa mapema wa 1948 ukafutwa. Nia ilikuwa nzuri kweli: watoto wote wasome masomo mamoja, walimu wawatazame kwa miaka miwili, kisha kila mmoja aelekezwe kadiri ya uwezo na mapenzi yake. Taasisi ya Taifa ya Ualimu ilifunguliwa mwaka 1961 kwa msaada wa UNESCO. Kwenye karatasi, Kongo ilitangulia nchi nyingi za Afrika.

Lakini kumtazama mtoto kunataka macho yaliyofunzwa. Walimu wa Kibelgiji walikuwa wameondoka kwa wingi, na waliokuja kuziba pengo walitoka nchi mbalimbali, wengi kwa mikataba mifupi. Mwalimu anayehama kila baada ya miaka miwili, asiyejua Kiluba wala Kiswahili, angemtazama mtoto wa Kamina kwa jicho lipi? Kipindi cha uelekezi kikawa miaka miwili ya kawaida ya masomo, na mwisho wake alama.

1967–1989: Kisangani na chumba cha nidhamu

Mtihani wa Taifa wa kumaliza sekondari, Exetat, ulianza 1967. Tangu hapo maisha ya mwanafunzi yalikuwa na mlima mmoja, asilimia 50, na anayefika kileleni humwagiwa unga mweupe kichwani barabarani. Sherehe hiyo ni nzuri. Kwa yule aliyepata 48, hakuna aliyeandaliwa wa kumpokea.

Mwaka 1971 Rais Mobutu aliunganisha vyuo vikuu vyote kuwa kimoja, UNAZA. Kitivo cha saikolojia na elimu kikawekwa Kisangani. Kijana wa Kamina aliyetaka kuwa mshauri wa masomo alipaswa kuikata nchi kwenda kaskazini, na wengi waliokwenda hawakurudi kwenye shule za wilaya. Hata hivyo Kisangani ilizalisha watu, na cheo cha mshauri wa uelekezi kikaingia katika msamiati wa shule zetu. Shule chache kubwa za mijini zilimpata mtu huyo, na mara nyingi alipewa mafaili, ratiba na vipindi vya kufundisha badala ya chumba cha kuongea na wanafunzi.

Wakati huohuo shule zenyewe zilikuwa zikirushwa huku na huku. Serikali ilizitaifisha za makanisa mwishoni mwa 1974, ikazirudisha kwa mkataba wa Februari 1977. Sheria ya elimu ya 22 Septemba 1986 ikapanga upya nyumba nzima.

Chini ya yote hayo palikuwa na mtu aliyedumu: mkurugenzi wa nidhamu. Prefe anaendesha shule, mkurugenzi wa masomo anasimamia vipindi, naye wa nidhamu anasimama getini saa moja na nusu asubuhi. Anajua nani hachelewi kamwe, nani ameanza kuchelewa wiki hii, nani amekuja bila viatu, binti gani anatapika. Habari zote ambazo mshauri angezihitaji zinamfikia yeye kwanza. Angalia karatasi ya matokeo ya mwanafunzi wa Kongo: chini ya safu za hesabu na Kifaransa kuna nafasi mbili ndogo, moja ya bidii na moja ya mwenendo. Humo ndimo maisha yote ya mtoto nje ya masomo yalimowekwa, kwa neno moja au herufi moja. Binti aliyebakwa na kijana aliyeiba embe wangeweza kupata herufi ileile.

1990–2009: Mzazi anamlipa nani?

Serikali ya Mobutu ilipodhoofika, mishahara ya walimu ilikauka. Migomo mirefu ya mwanzo wa miaka ya 1990 ilimalizwa kwa wazazi kukubali kumlipa mwalimu posho kutoka mifukoni mwao. Hatua hiyo iliokoa shule zisifungwe kabisa, tuitambue. Lakini ilikuwa na hesabu yake: mzazi anayeuza mihogo sokoni anamlipa anayesimama mbele ya ubao. Nani angemwomba alipie pia mtu wa kuongea na watoto?

Na watoto walikuwa na mengi ya kusema. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na kwingineko Katanga. Njia yao ya kurudi Kasai ilikuwa reli, na reli inapita Kamina. Madarasa yalipoteza walimu. Madawati yalipoteza marafiki. Kisha zikaja vita za 1996 na 1998. Kaskazini mwa Katanga vikundi vya Mai-Mai viliingiza watoto katika safu zao, na kamanda Gédéon Kyungu alijisalimisha Mitwaba mwezi Mei 2006, baada ya miaka ya vijiji kuteketea katika eneo lililoitwa pembetatu ya kifo.

Hapo ndipo ushauri ulipoingia nchi hii kwa mlango mwingine. Mashirika ya misaada yalileta wasaidizi wa kisaikolojia kwa watoto waliotoka vitani: vituo vya mpito, michezo, michoro, mazungumzo ya vikundi. Wengi wa waliofunzwa kazi hiyo walikuwa walimu wetu wenyewe. Lakini mradi una tarehe ya mwisho, na gari lenye bendera likiondoka, ujuzi unabaki kichwani mwa mwalimu asiye na cheo wala saa ya kuutumia. Tena vituo vilikuwa nje ya shule. Aliyesaidiwa kituoni alirudi darasani ambako mwalimu hakujua alikotoka. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 iliweka haki nyingi kwenye karatasi, na ni sheria nzuri. Shule haikupewa mtumishi mpya kwa ajili yake.

Majirani walivyopita

Kenya ilikuwa na kitengo cha uelekezi na ushauri katika wizara ya elimu tangu 1971, na ripoti ya Gachathi ya 1976 ilikisukuma mbele. Kwa muda mrefu kazi yake ilikuwa kuwasaidia wanafunzi kujaza fomu za kuchagua kozi na vyuo. Usiku wa kuamkia 26 Machi 2001 bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, liliteketea na wavulana 67 wakafa, kwa moto uliowashwa kwa makusudi. Mwaka huohuo viboko vilipigwa marufuku, na kamati ya Wangai ikataka ushauri nasaha uimarishwe kila shule. Inauma kwamba ilibidi majivu yaje kwanza.

Tanzania ilianza kwa mkutano wa wizara mjini Arusha mwaka 1984, kisha waraka wa elimu namba 11 wa 2002 ukaagiza huduma hiyo iwepo katika shule za msingi na sekondari. Wanaoifanya ni walimu wa kawaida waliochaguliwa na mkuu wa shule, na vipindi vyao vya kufundisha havipunguzwi. Malawi nayo, baada ya mkutano wa Ouagadougou wa 1993 juu ya elimu ya wasichana, ilikuwa makao ya juhudi za UNESCO za kufunza washauri wa shule za Afrika.

Tofauti kati ya kuwa na mshauri na kuwa na programu kamili ilifafanuliwa zaidi Marekani na Norman Gysbers wa Missouri tangu miaka ya 1970. Kabla yake mshauri alikuwa mtu wa kungoja matatizo. Gysbers alitaka ushauri uwe na mtaala wake, saa zake kwenye ratiba, mpango wa kila mwanafunzi, na tathmini. Chama cha washauri wa shule cha huko kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250. Namba hiyo kwetu ni ndoto. Ratiba si ndoto.

2014 na baada yake

Sheria ya 11 Februari 2014 ilirefusha elimu ya msingi kuwa miaka minane. Ile miaka miwili ya 1961, ya kumtazama mtoto kabla ya kumwelekeza, sasa ni mwaka wa saba na wa nane, na mwisho wake ni TENASOSP. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa, Haut-Lomami ikawa mkoa, Kamina ikawa makao yake makuu. Ofisi za elimu zikasogea karibu. Septemba 2019 ahadi ya Katiba ya 2006 ya elimu ya msingi bila malipo ilianza kutekelezwa. Watoto waliokuwa nyumbani walimiminika shuleni, madarasa yakafurika. Aliyekuwa akiwajua wanafunzi wake kwa majina sasa anawajua kwa safu za madawati.

Mzigo huo umeongezeka, ila katika shule za Kongo kuna mtaji ambao majirani wangeutamani. Humanite za ualimu, yaani sekondari za kuandaa walimu, zipo kila pembe ya nchi, na humo kijana wa miaka 17 anasoma saikolojia ya mtoto na mbinu za malezi, na kufanya mazoezi mbele ya darasa halisi kabla ya Exetat. Maana yake karibu kila shule ya msingi ya Kamina ina mwalimu aliyewahi kufundishwa jinsi mtoto anavyokua, anavyoogopa na anavyojificha. Mkoa ungeweza kuanza na hao: mwalimu mmoja kwa shule, aliyeondolewa kwenye mambo ya adhabu, aliyepunguziwa vipindi viwili kwa wiki, mwenye saa moja ya kila darasa kwa mwezi ya kuzungumzia masomo, kazi, mwili na urafiki, na daftari ambalo mkurugenzi wa nidhamu haruhusiwi kulifungua. Gharama yake ni vipindi hivyo viwili, na mkuu wa shule aliye tayari kuvitoa.